Wageni wa polifonia, kinanda hakiji kuwaokoa

Vijana mliojiunga baada ya Krismasi, nawapenda, ila mazoezi ya juzi mmenichosha. Sauti ya tatu mmeanza vizuri Sicut cervus, ile zaburi ya ayala anayetamani maji, sauti ya pili wakaingia, nanyi mkazidisha kelele kama mnagombea udiwani. Polifonia ni sauti kadhaa kwa pamoja, kila moja na wimbo wake, na kwa Palestrina, mtunzi wa Kiitaliano wa karne ya 16, hakuna anayesindikizwa. Ukishautoa wimbo wako, anayeingia nyuma yako ndiye wa kusikilizwa. Shuka, apite.

1. Njoo na penseli. Ya wino ibaki nyumbani.

2. Kilatini si Kiswahili. Tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi mnaimba "desiDErat" na "aNIma". Ni deSIderat, Anima. Msiegemee ile mistari inayokata vipimo. Iliongezwa na wahariri wa baadaye. Waimbaji wa karne ya 16 kila mmoja alisoma kijitabu cha sauti yake tu, bila mistari hiyo, na uzito wa neno ndio uliowaongoza.

3. Uma wa sauti, kile chuma cha kugonga kinachotoa nota moja tu, A. Hapa mnivumilie, nina kidonda.

Mkesha wa Pasaka, parokia siitaji. Mnajua kinanda hunyamaza tangu Gloria (wimbo wa Utukufu) ya Alhamisi Kuu, na Sicut cervus inakuja baada ya somo la saba, Gloria bado haijarudi. Mwalimu akanikabidhi uma nitoe sauti. Nilitamba wiki nzima. Saa ikafika, nikaugonga gotini, nikauweka sikioni, nikasikia A. Karatasi imeandikwa Do ni F, yaani do ya wimbo huo iko kwenye nota F. Mwenye akili timamu anajua A hapo ni mi: mi, re, do, umefika. Mimi tangu utotoni nimeambiwa uma unatoa la, nikashuka nayo, la, sol, fa, mi, re, do, kwa kujiamini kabisa, nikatua kwenye C, chini mno.

Sauti ya tatu tukaanza kwa kunguruma. Sauti ya pili wakaingia huku wakitazamana. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliimba yote akiwa amenikodolea macho mimi, si mwalimu. Besi, maskini, walioingia mwisho, walikuwa hawaimbi tena, wanapumua tu kwa Kilatini. Na huwezi kusimamisha wimbo katikati ya Mkesha, padre keshasimama anasubiri sala. Tukaburuzana hadi mwisho. Nje ya kanisa mzee mmoja wa besi akanishika mkono: "Mwanangu, leo ayala umemfikisha majini kweli. Umemtumbukiza kisimani."

Hadi leo nikitoa sauti yule mzee anakohoa kwanza.

Kwa hiyo soma Do ni ipi kabla hujagonga, kisha imba kimoyomoyo nota ya kwanza ya kila sauti, si ya kwako peke yako. Na usione haya kugonga mara ya pili. Waumini watadhani ni ibada.

4. Ukipotea, nyamaza. Subiri neno unalolijua, ingia nalo. Kijana aliyepotea huku akiendelea kuimba kwa imani huondoka na wenzake watatu, nimeshuhudia.

5. Pumzi mpokezane. Mkivuta wote kwenye koma moja, wimbo unakatika.

Jumamosi tunaanza Ave verum corpus (Salamu, mwili wa kweli) ya Mwingereza Byrd, kwa ajili ya sherehe ya Mwili na Damu. Ilichapishwa mwaka 1605, wakati Wakatoliki wa Uingereza wakisali majumbani kwa kujificha, kwa hiyo msiipigie kelele za uwanjani. Mapema tu, sauti ya kwanza wana F iliyopandishwa nusu sauti, na kufumba na kufumbua besi wanakuja na F ya kawaida. Inauma sikio, na ndivyo alivyotaka. Mwaka jana kuna besi alichukua penseli akaipandisha na ya kwake, akatuletea kwa fahari kama aliyegundua kosa la uchapaji. Msimsahihishe Byrd.