Ndege wa kipupwe, au ndege wa kaskazi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi hutembeza wanafunzi kwenye hori la Mida, hapa Watamu, tukatazama ndege. Kwa ajili ya Disemba tumeandaa bango lenye maneno haya: "Kuangalia ndege wakati wa kipupwe: jifunze jinsi ndege inavyoruka." Tumeyatoa kwenye kitabu cha Uingereza kinachozungumzia ndege wa majira ya baridi. Mwenzangu mmoja anasema bango lina makosa mawili, mwingine anasema liko sawa. Tuandikeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Aliyeona makosa mawili ameona vizuri. Mimi naongeza neno la tatu, ambalo si kosa lakini linataka kutazamwa.

Nianze na kipupwe, maana hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Kipupwe ni baridi yetu sisi, Juni mpaka Agosti, kusi, upepo wa kutoka kusini, inapovuma, bahari imechafuka na mtu wa Malindi anavuta shuka la pili alfajiri. Disemba si kipupwe hata kidogo. Disemba ni kaskazi, majira ya upepo wa kutoka kaskazini: jua kali, bahari imelala, wavuvi wanatoka mbali. Kwa Mwingereza mwezi huohuo ni wa baridi na miti imepukutika majani, kwa hiyo kitabu chake kimesema kweli kwa kwao. Siku hizi hata kwenye habari nasikia kipupwe kikitumiwa kwa baridi ya Ulaya. Silipendi jambo hilo, kwa sababu neno linalotaja upepo na miezi ya pwani yetu linageuzwa kuwa jina la theluji ya watu wengine. Baridi ya Ulaya iitwe majira ya baridi ya Ulaya, yatosha.

Kwenu Mida kosa hili lina madhara ya wazi. Sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda chini, na wale wadogo wa rangi ya mchanga wanaokimbizana na wimbi, wengi wao huzaliana kaskazini mwa dunia, hadi Siberia, wakati wa joto la huko. Huanza kutufikia Agosti na Septemba, na Aprili ikiisha wengi wameshaondoka. Kipupwe kinapoingia, hori limebaki na wachache tu, hasa wale wa mwaka wa kwanza ambao hawajafikia kuzaa. Ukiandika kipupwe, msomaji anayejua Kiswahili chake atakuja Julai na darubini yake, atazame matope.

Na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, habari yake ni nyingine. Yeye hatoki Siberia. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja, katika pwani za Bahari ya Sham, Ghuba ya Uajemi na Somalia, kisha huteremka kwetu. Hiyo ndiyo njia ya majahazi yaliyokuja Lamu na Malindi kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Wazee wetu walikuwa na neno tayari kwa mwendo wa namna hiyo: msimu. Kwa hiyo andikeni "msimu wa kaskazi". Mtoto wa Watamu ataelewa ni lini bila kufunua kalenda.

Sasa "ndege inavyoruka". Ndege mwenye manyoya ana uhai, basi huchukua a- na wa-: ndege anaruka, ndege wanaruka, ndege mkubwa, ndege wawili. Ndege ya abiria huchukua i- na zi-. Malindi tuna kiwanja cha ndege karibu na mji, na tofauti hii tunaihitaji kila siku: "ndege wawili wametua" ni jambo la mtini, "ndege mbili zimetua" ni jambo la mizigo na teksi. Bango lenu lilivyo linawaalika watoto kujifunza urubani.

Kuna na ndege ya tatu, ambayo vijana wengi hawaijui: ndege kwa maana ya dalili ya heri au shari. Msafiri akikutana na jambo zuri njiani, wazee husema amepata ndege njema. Tazama: njema, si mwema. Kiumbe kimetoka, imebaki ishara, na upatanisho umebadilika nacho. Kwa watu wa Lamu na Mombasa lipo pia neno nyuni, ndege wa manyoya, lililojaa katika mashairi ya zamani. Mama zetu walilitumia pia kwa maradhi ya mtoto mchanga kukakamaa na kutetemeka, yale ambayo wengine huyaita degedege, kwa kuamini kwamba ndege amempitia. Mtoto wa hivyo ni wa kukimbizwa hospitali, lakini neno lenyewe linaonyesha jinsi watu hawa walivyowatazama ndege kwa makini, na kwa hofu.

Neno la tatu ni kuangalia. Halina kosa. Ila kuangalia kuna maana pia ya kuchunga na kujihadhari, kama "angalia usianguke". Kutazama ni kuelekeza macho na kuyaweka hapo, nami nalipenda zaidi kwa kazi yenu. Kisha tia kiambishi cha mtendwa: kuwatazama ndege. Hiyo -wa- peke yake imeshasema kwamba si za abiria.

Limebaki kuruka, na hapa ningetaka tukae, kwa sababu bango linaahidi kufundisha ndege wanavyoruka na Kiswahili kina hazina ambayo vitabu vya shule havijaigusa. Kuruka ni neno la jumla, linamfaa hata chura na mtoto anayeruka kamba. Asubuhi moja ya Januari nilisimama mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa mji, maji mekundu ya mto yakikutana na ya bahari. Kundi la wale wadogo lilikuwa limetulia kwenye fungu la mchanga, huwezi kuwatenga na mchanga wenyewe. Mwewe akapita juu. Wakapuruka wote kwa mshindo mmoja. Kupuruka ni huko: kuinuka ghafla kwa kishindo cha mbawa. Kisha kundi likageuka, matumbo meupe yakang'aa, likageuka tena, migongo, likapotea machoni kana kwamba halikuwapo. Halafu wakaambaa na maji, chini kabisa, jinsi mashua inavyoambaa na pwani, wakatua upande wa pili. Kutua tunalijua pia kwa tanga: asubuhi nahodha hutweka, jioni hutua.

Mwewe mwenyewe hakupiga mbawa hata mara tatu. Alielea. Mtazameni mkia wake uliochanika katikati: anapotaka kukata kona huupindua mkia kama mshika usukani, mabawa yakabaki yamekunjuliwa. Kupaa ni kwenda juu zaidi na zaidi, kwa hiyo mwewe anayezunguka na kupanda na joto la adhuhuri anapaa, hata kama hajapiga bawa. Kupapatika tumwachie kuku aliyechinjwa, au kinda anayejaribu mara ya kwanza. Nimeona mtu ameandika "tai anapapatika angani", na tai hakustahili hivyo. Mwingine ni yangeyange, anayeruka amekunja shingo kama herufi S, na heroe, anayeinyoosha mbele na miguu nyuma akawa kama fimbo yenye mbawa. Kwa mbali, kabla hujaona rangi, shingo hiyo imeshakwambia ni nani.

Bawa na mabawa, ubawa na mbawa, yote ni sahihi. Methali ya kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake imelihifadhi umbo la pili, basi watoto wasikatazwe lolote. Na kama mnataka jina la namna ya kuruka, semeni mruko: mruko wa mwewe, mruko wa sululu. Ni fupi, na linakaa vizuri mdomoni kuliko urukaji.

Bango basi lisomeke hivi: "Kuwatazama ndege msimu wa kaskazi: kila ndege na mruko wake." Chini yake andikeni saa ya maji. Maji yakiwa yamekupwa kabisa ndege hutawanyika mbali kwenye matope, na watoto wataona nukta tu. Waambieni wafike maji yanapoanza kujaa, ndege wanasogezwa kidogokidogo mpaka karibu na mikoko, na hapo wakikaa kimya watasikia kupuruka kwa masikio yao.