Kwa Wanaoanza Kusoma Vita vya Vietnam: Anzeni na Tarehe

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni niliandika insha nikidai kwamba Wamarekani walivikataa vita vya Vietnam kwa sababu ya televisheni na mashambulizi ya Tet ya Januari 1968, yaani mashambulizi makubwa ya ghafla ya Wakomunisti wa Vietnam wakati wa mwaka mpya wa Kivietnam. Mhadhiri aliizungushia sentensi hiyo duara kwa kalamu nyekundu, akaandika pambizoni neno moja tu: "Tarehe?" Nilipekua majedwali ya kura za maoni za Gallup, shirika la Marekani la kupima maoni ya watu, wiki nzima ndipo nikaelewa alichokuwa akiniuliza.

Agosti 1965, wananchi walipoulizwa kama kupeleka askari Vietnam lilikuwa kosa, ni asilimia 24 tu waliokubali. Oktoba 1967, miezi mitatu kabla ya Tet, waliokubali walikuwa asilimia 47 na waliokataa 44. Tet iliukuta ukuta wa uungaji mkono wa vita umekwisha kupata nyufa.

Nyufa hizo msizieleze kwa hesabu ya maiti peke yake, ingawa mwaka 1967 pekee Marekani ilipoteza askari zaidi ya 11,000, wakiwamo vijana walioandikishwa jeshini kwa lazima. Wekeni hesabu hiyo kando ya ahadi za wakubwa. Novemba 1967 Jenerali Westmoreland, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Vietnam, alitangaza mjini Washington kwamba mwisho wa vita umeanza kuonekana. Haikupita hata miezi mitatu, wapiganaji wa Kikomunisti katika mashambulizi ya Tet wakavunja ukuta na kuingia katika uwanja wa ubalozi wa Marekani mjini Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini. Kwa maoni yangu, mzazi huweza kustahimili msiba akiamini anachoambiwa, lakini ahadi ikishageuka uongo machoni pake, kila jeneza humrudisha kwenye ahadi ile.

Jambo jingine linalowaponza wanafunzi wengi, nami likiwa limeniponza, ni kudhani kwamba kila aliyevilaumu vita alitaka amani. Machi 1968, Seneta Eugene McCarthy, aliyepinga vita, alipata takriban asilimia 42 ya kura za mchujo wa kumteua mgombea urais wa chama cha Democratic, chama chake na cha Rais Johnson, katika jimbo la New Hampshire, na miongoni mwa waliompigia walikuwamo wengi waliokasirika kwa kuwa Johnson hakuwa akipigana vita hivyo kwa nguvu ya kutosha.

Vilevile, picha za maandamano ya vyuoni zitawashawishi kuandika kwamba vijana ndio walioongoza, ilhali safu ya umri katika majedwali yale yale inaonyesha kwamba wenye umri wa kuzidi miaka 50 walikuwa wepesi zaidi kuviita vita hivyo kosa kuliko walio chini ya miaka 30.