Hendibreki inapanda hadi juu: kukaza kebo au kufungua dramu?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Probox ya gia otomatiki. Hendibreki inapanda hadi jino la 11 ndipo ishike, na kwenye mteremko gari bado linasogea kidogo. Kebo imeshakazwa mara mbili, inakaa sawa wiki mbili tatu kisha inalegea tena. Sasa hivi tairi la nyuma kushoto linapata moto hata kwa safari ya nusu saa. Ikazwe tena, au kuna kitu cha kubadilisha?

Jibu: Nzuri, ndugu msomaji. Usiikaze tena. Hendibreki iliyokazwa ikalegea ndani ya wiki chache inakwambia tatizo haliko kwenye kebo, liko ndani ya dramu, lile kopo la chuma linalozunguka na tairi. Na tairi kupata moto upande mmoja ni dalili kwamba kukaza kumeshaanza kuleta madhara.

Kwenye Toyota ndogo zenye dramu nyuma, hendibreki na breki ya mguu zinatumia breki shuu zilezile, yaani vile vipande viwili vinavyosukumwa nje kubana dramu kwa ndani. Kadiri shuu zinavyolika, ajasta iliyo katikati yake inajirefusha yenyewe ili nafasi kati ya shuu na dramu isizidi. Ajasta hiyo inafanya kazi pale tu kile kiwiko kinachovutwa na kebo kinaporudi hadi mwisho wake. Kebo ikikazwa kupita kiasi, kiwiko hakirudi chote na ajasta inaacha kujirefusha. Shuu zinaendelea kulika, nafasi inaongezeka, na mkono wa hendibreki unapanda tena. Ukikaza mara ya pili unazidisha kosa lilelile.

Anza na kipimo cha mkono wenyewe. Kanyaga breki kwa nguvu mara tatu au nne, kisha vuta hendibreki kwa nguvu ya kama kilo 20 ukihesabu milio (kila mlio ni jino moja). Toyota nyingi za aina hii zinatakiwa kushika kati ya jino la 5 na la 9. Idadi kamili iko kwenye kitabu cha gari. Zingatia pia hisia ya mkononi. Mkono ukipanda mwepesi bila ukinzani wowote, kebo imekatika au imechomoka. Ukiwa mgumu kuvuta na mzito kurudi, kebo imeshika kutu ndani ya ganda lake. Ukishika vizuri lakini juu sana, shuu ziko mbali na dramu.

Kipimo kinachoamua ni cha matairi yenyewe. Egesha mahali tambarare, weka vizuizi mbele na nyuma ya matairi ya mbele, gia iwe N, nyanyua nyuma yote na uweke stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Shusha hendibreki, zungusha kila tairi kwa mkono. Mkwaruzo mdogo si tatizo, lakini tairi lisikukinze. Kisha panda jino moja moja ukizungusha pande zote mbili. Yakianza kushika karibu kwenye jino lilelile na yakagoma kabisa kabla mkono haujafika juu, hilo ni suala la kurekebisha. Upande mmoja ukishika na mwingine ukabaki huru, hakuna kurekebisha hapo: fungua dramu, kuna kitu kimeharibika.

Kwa gari lako, kabla ya kufungua, legeza kabisa nati ya kebo iliyo chini ya kasha la mkono wa hendibreki (mara nyingi ni spana namba 10). Tairi la kushoto likiwa huru, joto lilitokana na kukazwa sana. Likiendelea kukinza, sababu iko kwenye kebo ya upande huo, springi za kurudisha shuu, au silinda ya breki (inayosukuma shuu ukikanyaga breki) iliyokwama. Hapo fungua dramu, chomoa kebo kwenye kiwiko na uivute kwa mkono: waya wa ndani uteleze bila kukwama. Ukikwama, badilisha kebo. Kudondoshea oili kunasaidia siku chache tu, kwa sababu maji yaliyopenya kwenye ganda lililopasuka yatabaki humo.

Dramu ikigoma kutoka usiipige nyundo ukingoni. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye uzi kwenye uso wa dramu. Ingiza bolti mbili za milimita 8 uzikaze kwa zamu hadi isukumwe nje. Ikiwa shuu zimeng'ang'ania ukingo uliobaki dramu ilipolika, kuna tundu lenye kizibo cha mpira nyuma yake: inua kijiti cha ajasta kwa bisibisi moja, rudisha gurudumu la meno kwa nyingine.

Ndani, usipulize vumbi kwa kompresa. Breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Osha kwa maji na sabuni. Pima unene wa shuu: chini ya milimita 1 zitolewe. Kipenyo cha juu kabisa cha dramu kimeandikwa juu yake yenyewe. Funua kidogo vifuniko vya mpira vya silinda. Ukikuta mafuta ya breki, silinda inavuja. Shuu iliyoloweshwa mafuta haifufuki kwa msasa wala kwa kuchomwa moto kwa petroli, kwa hiyo badilisha shuu za pande zote mbili hata kama upande mmoja ndio uliolowa. Kwa magari yenye difu (gia inayozungusha matairi) nyuma kama Hiace, angalia pia sili ya ekseli, kwani oili ya difu inaloanisha shuu vilevile.

Shuu zikiwa nene na kavu, safisha uzi wa ajasta, paka grisi kidogo ya breki, hakikisha gurudumu lake linazunguka kwa vidole. Funga dramu, zungusha ajasta hadi tairi ligome, kisha irudishe meno 8. Fanya hivyo pande zote mbili na ukanyage breki mara kadhaa. Nati ya kebo inaguswa mwisho kabisa, kidogo kidogo, hadi mkono ushike kwenye jino linalotakiwa. Ukiushusha, matairi yote mawili yawe huru.

Taa ya hendibreki ikiwaka huku mkono uko chini, kagua kwanza kiwango cha mafuta ya breki, kwa sababu kwenye magari mengi taa ni hiyohiyo.

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inataka hendibreki ishikilie gari lenye mzigo kwenye mwinuko wa asilimia 20, yaani mita 1 kwa kila mita 5, kuelekea juu na kuelekea chini. Probox hubeba mizigo, kwa hiyo lijaribu likiwa limepakiwa, kwenye mteremko usio na watu, mguu ukiwa tayari juu ya breki. Hadi lirekebishwe, egesha tambarare, weka P na jiwe kwenye tairi.