Anza na Twiga, Mashujaa Watafuata

Mtoto wa darasa la tatu ambaye bado hajaonja utamu wa kusoma, usimwanzishie na wasifu wa kiongozi. Najua wazazi wengi ndivyo wanavyofanya. Mzazi anaingia duka la vitabu, anaona picha ya Mwalimu Nyerere kwenye jalada, anajisemea hiki kitamjenga mwanangu, analipa. Kitabu kikifika nyumbani kinafunguliwa mara moja tu. Ukurasa wa kwanza ni mwaka wa kuzaliwa, jina la kijiji, jina la baba, shule ya msingi, sekondari, chuo. Mtoto anatafuta humo mtu wa kumfuata, hamwoni, anakiweka chini na kwenda kucheza. Halafu watu wazima wanalalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Mimi huwasomea watoto siku za Jumamosi hapa Iringa, wengi wao wa miaka saba hadi kumi na miwili, na ninayoyasema hapa nimeyapata kwenye maswali yao. Mtoto akisikia habari za mtu wa kale, haulizi alitawala miaka mingapi. Anauliza alikuwa anakula nini. Alilala wapi? Alikuwa na mbwa? Mama yake alikuwa mkali? Kitabu kinachojibu maswali ya namna hiyo atakimaliza na kuomba kingine. Kisichoyajibu hatakigusa tena, hata kama kina picha za rangi kila ukurasa.

Kwa hiyo mimi huanza na wanyama. Watoto wetu wanakuja na sungura na fisi kichwani tayari, kutoka kwa bibi, kutoka redioni, kutoka kwa mtoto wa jirani, na ukisema tu "paukwa" chumba kizima kinaitika "pakawa". Hapo hujafundisha kitu bado, lakini masikio yamefunguka. Ukichagua kitabu cha wanyama wanaosema, angalia jambo moja: mnyama abaki mnyama. Fisi awe na njaa ya fisi, atembee usiku, asikie harufu ya mfupa kutoka mbali. Kobe abebe gamba lake na limsumbue pale anapotaka kukimbia. Viko vitabu ambavyo tembo ni mwalimu mkuu aliyevikwa masikio makubwa, kazi yake kuwaambia watoto wanawe mikono na kutii wazazi. Hivyo watoto wanavichoka ukurasa wa pili, na wana haki.

Wazazi wengine wananiuliza kuhusu Sungura: anadanganya, anaiba maji ya kisima, halafu anashinda. Je, hatuwafundishi watoto ujanja? Mwache Sungura ashinde. Watoto wanajua vizuri kabisa nani ameonewa. Msimamishe msomaji wako pale Fisi anapobaki na mkia mkononi, muulize Fisi angefanya nini, kisha nyamaza usikilize. Siku moja msichana mmoja mpole alimtetea Fisi kwa muda mrefu kuliko hadithi yenyewe. Kumwonea huruma mtu ambaye hadithi imemshinda ni uwezo atakaouhitaji sana akifika kwenye historia.

Daraja la kwenda huko ni wanyama waliokuwepo kweli. Mwaka 2004, siku ya tsunami ya Desemba 26, kiboko mdogo alipotezana na wenzake kwenye pwani ya Kenya. Alipookolewa karibu na Malindi akapelekwa Haller Park, bustani ya wanyama huko Mombasa, na huko akamganda kobe mzee wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka karibu 130. Walimwita kiboko Owen, na kobe alikuwa tayari anaitwa Mzee. Walilala pamoja, wakaogelea pamoja. Watoto wakishaisikia hii, wanataka ushahidi: ni kweli au umetunga? Swali hilo ndilo ninalolisubiri. Kwa mtoto wa miaka minane, historia inaanza hapo.

Baada ya Owen huwa naleta twiga wa Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kwa mfalme wa ukoo wa Ming, enzi zile ambazo merikebu za amiri Zheng He zilikuwa zikivuka Bahari ya Hindi. Huko walimfananisha na qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, na michoro ya twiga wa zamani hizo ipo mpaka leo. Wape watoto hayo tu, usiongeze. Watajaza wenyewe. Alisimama vipi melini? Shingo ilitokea wapi? Nani alimkatia majani, na majani yalipoisha katikati ya bahari alikula nini? Tukamtunga mvulana wa Malindi, tukampa kazi ya kumlisha, tukampandisha chomboni. Kwa muda ule watoto wangu walikuwa wanaandika riwaya ya kihistoria bila kujua jina lake.

Hapa ndipo nina msisitizo wangu mkubwa, kwa wanaowasomea watoto na kwa wanaotaka kuwaandikia. Mtoto ana haki ya kujua kipi ni kweli na kipi kimetungwa. Kwenye daftari zetu tunatumia herufi mbili kwa penseli pembeni mwa mstari: K kwa kweli, T kwa kutunga. Twiga, K. Malindi, K. Mwaka 1415, K. Mvulana, T. Majani ya mkwaju aliyomkatia, T, lakini yenye busara, maana mkwaju unaota Pwani. Mtoto aliyezoea penseli hiyo hadanganyiki kirahisi akikua, na pia haogopi kutunga, kwa kuwa anajua mahali pa kutungia.

Sisi wa Iringa tuna Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na Mkwawa si mwepesi kwa watoto. Ukimsimulia kama tulivyozoea kumsikia kwenye sherehe, ni sanamu: aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ngome yake ya Kalenga ikaanguka mwaka 1894, akapigana msituni, akafa tarehe 19 Julai 1898. Yote K. Lakini mtoto aingilie wapi? Mimi humwingizia jikoni. Mkwawa alijificha karibu miaka minne, na Wajerumani walitoa ahadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Mtu hawezi kujificha muda wote huo bila kulishwa. Kuna watu walipika, walibeba, wakanyamaza. Hawa hatuna majina yao, lakini lazima walikuwepo. Basi tunamtunga binti wa miaka kumi. Mama yake anafunga ugali kwenye majani ya mgomba kabla hakujapambazuka, anatoka nao, anarudi mikono mitupu. Binti ameambiwa asiseme. Askari wanapita kijijini, mmoja wao ni mpole, anampa chumvi na kumuuliza mama yako ameenda wapi.

Nikifika hapo huwa nafunga daftari. Watoto wanapiga kelele. Mvulana mmoja aliwahi kusema waziwazi, "Mimi ningesema," na wenzake wakamgeukia. Niliwazuia. Nilimuuliza kwa nini, akasema, kwa sababu angeogopa askari wangemchukua mama yake. Tukakaa na jibu hilo Jumamosi nzima, na sijawahi kuwaona watoto wakielewa vita kwa kina kuliko siku ile. Kitabu cha kihistoria kilicho kizuri humpa mtoto uamuzi mgumu unaomtosha umri wake. Hana jeshi la kuongoza, lakini kutunza siri anajua ni nini.

Kifo chake je? Wazazi huniuliza sana, kwa sababu Mkwawa alijiua ili asikamatwe, na kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Walio chini ya miaka tisa nawaambia alifariki akiwa amezingirwa, alikataa kukamatwa akiwa hai, basi. Wakubwa nawaambia wazi, kwa sauti ya kawaida, bila kulipamba tendo lenyewe wala kulifanya la kuigwa, na nawaachia nafasi ya kuuliza. Kinachowashika zaidi, ukiniuliza mimi, ni fuvu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita kuu ya kwanza ya dunia, una kifungu cha 246 kinachoidai Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Hebu fikiria, mataifa makubwa yanagawana dunia, na katikati ya karatasi zao limo jina la mtu wa Kalenga. Ilichukua miaka 35 zaidi. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa kwenye jumba la makumbusho la Bremen, likarudishwa mwaka 1954, na leo lipo Kalenga, si mbali na mjini.

Tulipowapeleka, mtoto mmoja alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akauliza, "Walijuaje kuwa ni lake?" Jibu la kweli ni kwamba vipimo vya fuvu vililinganishwa na vichwa vya jamaa zake, na wapo wanaolitilia shaka mpaka leo. Nilimwambia hivyohivyo. Mwambieni mtoto ukweli hata pale unapokuwa na tundu. Kwenye daftari yake aliandika K, akaweka alama ya kuuliza mbele yake. Sikuwa nimemfundisha.

Na usimwache shujaa awe malaika. Mkwawa na baba yake Munyigumba walipigana pia na majirani, na Usangu wanayo yao ya kusimulia ambayo si ya kumsifu. Kwenye kikundi nina watoto wenye asili ya kule, wamesikia mengine kwa babu zao. Nawapa nafasi wayaseme, na Wahehe wanasikiliza.

Mtoto aliyepita njia hii sasa anaweza kupewa wasifu, kwa sababu anajua la kutafuta ndani yake. Kuchagua wasifu wa mtoto mimi nina kipimo kimoja: nafungua kurasa tano za mwanzo natafuta mikono inayofanya kazi. Wangari Maathai, tangu alipoanzisha harakati ya kupanda miti mwaka 1977 hadi Nobeli ya Amani mwaka 2004, ana mengi ya kujaza kitabu. Lakini alipokwenda kuipokea ile tuzo alisimulia utoto wake, akitumwa maji mtoni, akicheza kwenye majani ya magimbi, akijaribu kuokota nyuzi za mayai ya vyura akidhani ni shanga, na kila akiingiza vidole vinakatika. Anzia hapo. Mtoto yeyote aliyechezea maji ameshamjua Wangari kabla hujafika kwenye Nobeli.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, vilevile. Mtoto wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu vya mama yake, akivitembeza kwa sauti iliyojulikana kabla sura yake haijaonekana, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert mwenyewe. Lugha yake ni ya watu wazima, basi mzazi ausome kwanza usiku, kesho yake asimulie kwa maneno yake. Na kwa Mwalimu Nyerere, watoto wangu hawakushikwa na Uhuru bali na mwaka 1934, alipoanza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Wa miaka 12 darasa la kwanza! Waliuliza alikaa dawati gani.

Mambo madogo ya nyumbani. Soma kwa sauti hata kama mtoto anajua kusoma, na usikatize kila mstari kueleza msamiati. Neno gumu atalikamata kwenye hadithi. Kama anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, historia ya kwao aisikie kwa Kiswahili, maana huko ndiko aliko bibi yake na maneno yake. Kitabu kikimshinda kiache, mjaribu tena mwakani. Kama mfukoni hakuna kitu, maktaba ya mkoa ina sehemu ya watoto. Nenda naye, mwache achague, na akichagua kitabu cha nyoka mwaka mzima, mwache na nyoka wake.

Likizo ikifika nawapa kazi moja, na nakuomba uijaribu: mtoto aandike wasifu wa mzee mmoja wa nyumbani. Asianze na "ulizaliwa lini". Aulize, ulipokuwa na umri kama wangu ulikuwa unatumwa nini? Ulienda shule umebeba daftari kwenye nini? Mnyama gani wa nyumbani uliyempenda, na aliishia wapi? Wazee wanaokataa kuhojiwa hulegea kwenye swali la mnyama; nimeona babu mmoja akizungumzia beberu wake saa nzima. Mtoto asikilize kwanza, aandike baadaye, kisha amsomee mzee alichoandika ili asahihishwe. Penseli iwe karibu kwa ajili ya K na T, na juu ya ukurasa aandike tarehe ya mazungumzo na jina la aliyesimulia, kwa sababu binamu yake wa kijiji kingine ataisikia habari hiyohiyo kwa namna tofauti, na siku wakikutana watataka kulinganisha.