Renji, renji, renji! Muulizane kwanza gari inalala wapi

Kuna dada wa Watamu kaniandikia, anataka MG4 XPower, gari ya umeme ya mbio, lakini mumewe hataki kusikia, ati renji yake, yaani mwendo wa chaji moja, ni kilomita 385, ni kidogo, watakwama. Dadangu, mwambie mumeo hivi: Watamu mpaka Malindi mjini ni kilomita ishirini na kitu, kwa siku mwaenda mara ngapi?

Mi naendesha hiyo hiyo XPower, imetoka Uingereza. Hospawa 435, spidi ya mia unaigusa kwa sekunde 3.8 na hakuna anayekusikia. Nilipoileta mtaani wazee wa baraza walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia, ati tochi yenye magurudumu, na shemeji yangu mwenye V8 akaniahidi kamba ya kunivutia. Mbele za watu! Sijasahau. Basi majuzi tulikuwa na harusi Mombasa, kwenda na kurudi kama kilomita 240, AC wazi, foleni ya Mtwapa yote, nikaingia nyumbani na chaji ya kuzungukia mjini kesho yake bado ninayo. Shemeji na V8 yake alisimama Kilifi kutia mafuta, nikampungia mkono. Kamba sijui aliiweka wapi.

Sasa hiyo renji yenyewe. MG4 ile ya Long Range ina betri ya 64 kWh sawa na yangu, lakini imeandikiwa mpaka kilomita 450. Tofauti imeliwa na mota ya pili pale mbele na rimu kubwa. Zingine utazila wewe kwa mguu wako, maana ukitoka spidi ya 80 ukaenda 120 upepo unakusukuma nyuma zaidi ya mara mbili, na msimu wa kusi ukiwa washuka Mombasa ndo kabisa, unapigwa usoni njia nzima.

Lakini kila siku? Soketi ya kawaida ya nyumbani, ampia kumi, usiku mmoja inakurudishia kilomita mia na kitu. Mi hata sijazi, naachia asilimia 80, joto la huku na betri iliyojaa pomoni havipatani. Safari ya Mokowe, pale pa kuvukia Lamu, ni kitu kingine, ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu, huko panga mapema utachaji wapi ukifika. Ila vijana jamani, mtu anunua gari ya mwaka mzima kwa hesabu ya safari moja ya Idi? Tumieni akili, acheni kutishwa na watu wasiolala na gari yenu.

Kwa hivyo dada, la kuzungumza na mumeo ni mita ya stima. Kama mwagawana na wapangaji wengine, tokeni zikiisha saa nane za usiku mtagombana na nyumba nzima. Na mwite fundi stima kabla gari haijaja, avute waya mnene wa peke yake kutoka meinswichi mpaka pale mtakapoegesha, maana nyumba zetu hizi za zamani waya ni mwembamba, ukibebeshwa mzigo ule usiku kucha unachemka mpaka plagi inayeyuka.