Kabla ya Kumlipa Mtengeneza Programu

Mtu anayeanzisha biashara inayotegemea programu ya kompyuta, ilhali yeye mwenyewe hajui kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, kwa kawaida huanza kwa kuuliza atampata wapi wa kumtengenezea. Nami nilianza hapo. Nilitaka kuwaunganisha wenye maduka madogo ya mitaani na wauzaji wa jumla wa Kariakoo, ili mwenye duka aagize sukari na sabuni bila kufunga duka lake na kupanda daladala. Nikalipa fedha zote mwanzoni, na baada ya miezi 7 nikakabidhiwa programu yenye sura nzuri, isiyoweza kujibu swali ambalo kila mteja aliniuliza: mzigo ukifika katoni moja imepungua, fedha yake inarudi vipi? Sikuweza kumlaumu mtengenezaji kwa hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulijibu.

Ndiyo maana nakusihi, mwenzangu unayeanza, uifanye kazi hiyo kwa mikono yako kabla ya kumwita mtaalamu. Mara ya pili nilianza na maduka 12 ya Mbagala. Wenye simu janja walituma oda kwa WhatsApp, wenye simu za kitochi walinipigia. Mimi niliandika kila kitu kwenye daftari, nikaamkia Kariakoo alfajiri, kisha nikapakia mzigo kwenye bajaji. Katika wiki tatu nilijifunza kwamba wengi huagiza usiku baada ya kufunga hesabu, kwamba bei huweza kubadilika kati ya oda na ununuzi, na kwamba wale wa simu za kitochi watahitaji menyu ya USSD, ile inayofunguka kwa kupiga namba yenye nyota na alama ya reli, au ujumbe mfupi. Daftari hilo ndilo lililokuja kuwa maelezo niliyompa mtengenezaji, na safari hii hakulazimika kubahatisha. Hata M-Pesa, ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, ililenga kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Waliokuwa katika majaribio wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007 huduma ya kutuma fedha ndiyo iliyotangulizwa.

Kuhusu kumpata mtaalamu, naamini haja iliyoelezwa wazi huwavuta watu kuliko ahadi ya utajiri. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, mwanasheria Ory Okolloh aliandika mtandaoni kuomba wataalamu watengeneze ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Baada ya siku chache tu ramani hiyo, iliyopewa jina la Ushahidi, ilikuwa hewani. Ukimpata mtaalamu wa namna hiyo akawa mwenza wako katika biashara, kubalianeni kwa maandishi kwamba hisa zake zitaiva, yaani zitakuwa mali yake, kidogo kidogo kwa miaka, ili akiondoka mapema asiondoke na nusu ya kampuni.

Ukiamua kuajiri kampuni au mtu binafsi, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni umiliki. Jina la tovuti, akaunti ya seva (kompyuta inayoiweka programu yako mtandaoni), akaunti ya Google Play na hifadhi ya msimbo, kwa mfano GitHub, vifunguliwe kwa barua pepe ya biashara yako tangu siku ya kwanza, kisha mtengenezaji apewe ruhusa ya kuingia. Mimi niliviacha vyote mikononi mwake, na tulipokosana bei ya matengenezo nilijikuta sina hata uwezo wa kubadilisha namba ya simu kwenye tovuti yangu. Mkataba pia utamke waziwazi kwamba hakimiliki ya msimbo inahamia kwako malipo yanapokamilika.

Malipo yafuate awamu, kila awamu ikiishia kwenye kitu unachoweza kukijaribu kwenye simu yako mwenyewe, kwa bando la kawaida, ukiwa dukani kwa mteja. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mwombe mtaalamu mwingine, hata kwa malipo ya siku moja, auchukue msimbo kutoka kwenye hifadhi yako na kuiendesha programu kwenye kompyuta yake, akifuata maelezo yaliyoandikwa tu. Akishindwa, ujue kazi bado haijakabidhiwa.