Kiatu hakilali na maji

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa pabaya. Mmeuliza: "Viatu vya baiskeli vikilowa vikaanza kunuka, unatumia nini kuondoa harufu?" Kilichonichoma ni hilo "unatumia nini". Mtu akiulizwa hivyo anaanza kufikiria chupa na unga wa dukani. Mimi ni mwaka wa 14 huu naendesha baiskeli Mwanza, Mabatini hadi Igoma kila siku ya kazi, na Jumamosi mbali zaidi. Msimamo wangu ni kwamba dawa ya harufu ya kiatu haipo. Kuna kiatu kikavu na kuna kiatu kibichi, basi.

Jasho likitoka mwilini halinuki. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolila wakaacha asidi, na hiyo asidi ndiyo harufu tunayoilalamikia. Wanapenda joto na unyevu. Joto la mguu huwezi kulizuia, unyevu unaweza.

Viatu hivi vya kunasa kwenye pedeli vina ubaya wake wa ziada. Wengi hudhani maji yanaingia kwa juu tu. Yanaingia na kwa chini, kwenye matundu ya skrubu zinazoshika kile kipande cha chuma kinachonasa pedeli, na kwa kuwa soli ni plastiki ngumu hayana pa kutokea. Yanatuama chini ya soli ya ndani. Ukipapasa juu unaona pamekauka, ukiinua soli unakuta maji.

Haya sikuyajua kwa kusoma. Ilikuwa Aprili 2018, baba mkwe anaumwa huko Magu. Mke wangu alitangulia Ijumaa kwa basi, mimi nikasema Jumamosi nakuja kwa baiskeli, kilomita 60 hivi. Viatu vilikuwa vyangu vya mtumba, nimevipata Mlango Mmoja, vyeusi, vizuri kweli. Tatizo ni kwamba tangu Jumatano vilikuwa vimelowa, na mimi nilikuwa na tabia ya kuvifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuvisukuma uvunguni ili wageni wasivisikie. Mifuko ile ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Jumamosi alfajiri nilivitoa hivyo hivyo, nikavaa.

Kisesa mvua ikanikuta. Nilijibanza chini ya kibaraza cha duka karibu saa nzima, nikaona haina dalili ya kukatika, nikaingia barabarani. Nyanguge maji yalikuwa yanakatiza lami. Nikapita daraja la Simiyu miguu imekufa ganzi, na begani nina sukari, sabuni za mche na kitenge cha mama mkwe nilichokifunga vizuri kuliko nilivyojifunga mwenyewe.

Nikafika. Nikavua viatu mlangoni kama inavyotakiwa, nikaingia na soksi. Baba mkwe alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba hapo hapo sebuleni, wazee watatu wamekaa pembeni yake. Nikasalimia, nikaonyeshwa kiti. Haikupita muda shemeji yangu akainuka, akafungua dirisha mvua ikiwa inanyesha. Hakusema kitu. Mzee mmoja akavuta ugoro. Nilitamani niage nirudi Mwanza usiku ule ule. Mtu umetoka mbali kumwona mgonjwa, halafu hewa anayovuta mgonjwa umeichafua wewe.

Nikachungulia mlangoni, viatu havipo. Ukweni kwetu Usukumani mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa bintiye, hawakaribiani ovyo, wala hawaongei ana kwa ana kama watu wa rika moja. Nilimwona kwa mbali, kupitia ule mlango wa uani, anakwenda jikoni. Viatu vyangu alikuwa amevibeba kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyebeba bakuli. Hakuvishika kwa ncha za vidole. Hilo nalikumbuka kuliko ugonjwa wenyewe, Mungu anisamehe.

Kesho yake mke wangu akanisimulia alichokifanya mama yake. Alizitoa soli za ndani akazifua kwa sabuni ya mche na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye ndoo. Viatu akavisugua ndani, akavisuuza, akavikung'uta. Kisha akapasha pumba za mpunga kwenye sufuria kavu, akazijaza ndani mpaka puani mwa kiatu. Baada ya muda akazimwaga, zimeshavuta maji, akajaza nyingine. Mwisho akaviweka juu ya dari la jikoni, pale panapokaushiwa mahindi, moshi wa mafiga ukawa unavipitia usiku kucha. Na alituma ujumbe kupitia binti yake: "Mwambie mume wako kiatu hakilali na maji."

Asubuhi vilikuwa vikavu kabisa, vinanukia moshi. Ile harufu ya Jumatano imekwisha. Ila kiatu cha kushoto gundi ilikuwa imeachia puani, soli imefunguka. Fundi wa Igoma alikishona kwa uzi wa nailoni.

Sasa hapa ndipo ninapojikamata mwenyewe. Nimeanza kwa kusema dawa haipo, na pumba za moto ni nini kama si dawa? Basi nirekebishe. Dawa ipo, lakini inakuja baada ya kufua na kukausha, haichukui nafasi yake. Bekingi soda, ule unga mweupe unaouzwa madukani, unafanya kazi kwa sababu unaituliza asidi. Jivu safi lililopoa na kuchekechwa nalo ni hivyo hivyo. Nyunyiza kwenye kiatu kikavu usiku, kung'uta asubuhi. Ukinyunyiza kwenye kiatu kibichi umekanda uji.

Wasio na pumba watumie gazeti. Likunje, lisokomeze mpaka mbele, na usiliache mpaka asubuhi: baada ya saa moja litoe uweke jingine. Soli ya ndani itoe kila mara, ikauke peke yake. Jua la mchana liwe la soli ya ndani; kiatu chenyewe kikae kivulini panapopita upepo, maana huku kwetu upepo wa ziwani wa mchana unakausha vizuri na hauachishi gundi. Juu ya jiko la mkaa hapana. Najua nimetoka kusimulia dari la mama mkwe, na bado nasema hapana, ingawa siwezi kukaa hapa nikasema alikosea.

Jambo moja silikubali hata kidogo: kwenda kufulia viatu ziwani, umesimama majini mpaka magotini. Nawaona vijana wakifanya hivyo pembezoni. Kichocho kinaingia kwa ngozi, hakihitaji kidonda. Yachote maji, yakae ndooni siku mbili, ndipo ufulie. Na kama viatu vimekauka na harufu bado inarudi, angalia katikati ya vidole. Huenda ni fangasi, na hapo nenda kituo cha afya.

Lakini mkinibana mniulize mimi mwenyewe nafanya nini, nitawajibu ukweli. Kuanzia Machi hadi Mei vile viatu vya kunasa navitundika. Naendesha na katambuga, vile viatu vya wazi vya matairi. Tairi halinywi maji, mguu unapigwa upepo, ukifika unamwagia maji umemaliza. Kwenye mlima unapoteza nguvu, hilo nakiri, na kwa mtu wa mashindano ushauri huu haufai. Pedeli nazo lazima zibadilishwe, maana zile za kunasa zinateleza chini ya katambuga. Kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, sijaona kinachoushinda.

Isipokuwa siku ya kwenda Magu. Siku hiyo, mvua ije isije, narudisha pedeli za zamani na kuvaa vile vilivyoshonwa kwa nailoni. Usiku uliotangulia nakuwa nimeshavijaza gazeti mara mbili.